Jani Nililompikia Wafula

Jani la maua ya Mama, ukilivunja kati ya vidole, lilitoa harufu ya udongo uliolowa na kitu kikali kidogo kinachokaribia mnanaa, na kwangu mimi harufu hiyo ndiyo Aprili. Mvua ikishaanza na shule zikifungwa, Mama alitoa kigoda chake, akaketi mbele ya nyumba ya mawe tuliyokaa pale Kaloleni, nyumba aliyopewa Baba alipoajiriwa reli, akaanza kukata vitawi na kuvipanda upya. Tuliyaita maua, ingawa hakuyaruhusu kutoa ua hata moja. Ua lilipochungulia tu, alilikwanyua kwa kucha, kwa maana likichanua jani linafifia. Alitaka majani tu: ya damu ya mzee yenye ukingo wa kijani, ya manjano yenye madoadoa, ya zambarau iliyokolea hadi ikakaribia weusi. Mengine yalikuwa kwenye mikebe ya rangi na sufuria zisizo na mikono, zote zikiwa zimetobolewa kwa msumari ili maji yasituame, na mengine kwenye kitalu chembamba kando ya ukuta, ambacho alikizungushia matofali. Wanawake waliopita walisimama kuomba kitawi, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka. Alikuwa ameacha shamba Bungoma akaja kubanana nasi katika vyumba viwili. Ukanda ule wa udongo, hatua kumi na mbili kwa miguu yangu, ndio peke yake aliouita wangu.

Mmea mmoja ulikaa mbali na mingine, kwenye kivuli cha kibaraza karibu na mlango. Ulikuwa na shina nene na majani mapana ya kijani yaliyomwagikiwa na weupe katikati. Mama alikuwa amepewa na mwanamke mmoja waliyeimba naye kwaya, na siku aliyouleta alituambia mara moja tu: huu msiguse. Hakusema kwa nini. Mama hakuwa mtu wa kueleza sababu. Alisema, nawe ukasikia. Mimi, kwa ujuaji wangu wa miaka minane, nikaamua kwamba anauonea fahari, kwamba ni mzuri mno kwa mikono yetu michafu. Hata leo hasira hunipanda nikimfikiria yule mtoto aliyejiona mjanja hivyo.

Ukikulia Eastlands, upande wa jiji ilikokuwa Kaloleni yetu, hakuna haja ya kuelezwa kalongolongo ni nini, ila kwa wasiojua, ni ule mchezo wa baba na mama: mnajenga nyumba kwa matambara, mnawasha moto usiowaka, mnapika matope yakawa ugali na majani yakawa sukuma wiki. Kwetu mchezo ulikuwa na sheria zake. Mama hupakua, baba hurudi kazini akilalamika, na mtoto hula. Watoto wengine walijifanya kula, wakapeleka kijiko kando ya shavu. Wafula, mdogo wangu, alikuwa na miaka mitatu na hakujua kujifanya. Alikuwa akila matope kweli, akicheka, na sisi tulimpenda kwa hilo, kwa sababu hakuna mpishi asiyependa mtu wa kumaliza sahani.

Siku hiyo Mama alikuwa bombani kufua. Mwende, binti wa jirani, alikuwa baba, naye alirudi kazini akaitazama mboga yangu, akabenua mdomo, akasema kwao sukuma huwa pana, si vijani hivi vya kuku. Maneno yale yaliniuma. Nikainuka, nikaenda kibarazani, nikavunja jani moja la ule mmea, kubwa kuliko uso wangu, nikalikatakata kwa kifuniko cha mkebe. Utomvu ulinidondokea kwenye kifundo cha mkono, nikapangusa. Nikachota kijiko, nikamwambia Wafula afunue mdomo. Alifunua. Alitafuna mara mbili, labda tatu, akanitazama kama mtu aliyepigwa na mtu anayemwamini, kisha akapiga ukemi ambao sijausikia tena kwa kiumbe yeyote.

Mate yalimtoka bila kukatika. Midomo ikavimba nikiitazama, ulimi ukajaa ukashindwa kurudi ndani, na kilio kikageuka mkoromo. Mwende alitimua mbio. Mkono wangu wenye utomvu ulikuwa unawaka moto, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mama alitukataza. Nilifukia vipande vya jani chini ya matope kabla ya kumwita Mama. Nimeandika sentensi hiyo na sitaifuta: nilifukia kwanza, ndipo nikaita.

Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, akikimbia na mikono yenye povu la sabuni, nami nikimfuata. Nilihesabu pumzi za Wafula. Nesi alimlaza, akammulika kinywani kwa tochi, akauliza amekula nini. Mama alisema hajui. Nesi akauliza tena, sasa kwa ukali, kwamba bila kujua hawezi kumsaidia. Woga wa kwamba Wafula atakufa ulipambana na woga wa kwamba watajua ni mimi, na nikapata njia ya kuziridhisha hofu zote mbili.

"Alichuma jani la ule mmea wa kibarazani," nikasema. "Nilimkuta akilitafuna."

Walimsafisha kinywa, wakampa maziwa baridi kwa matone, wakamchunguza hadi kesho yake. Aliishi. Lakini ulimi ulikaa siku nne bila kutamka neno, na siku hizo nne ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu niliomba apone, na papo hapo niliogopa apone aseme. Jamani, niliketi kando ya kitanda chake nikimpepea, naye akanifuata kwa macho. Siku ya tano alisema "maji". Sikulala hata hivyo. Hakusema kitu kingine, wala hakuulizwa. Mtoto wa miaka mitatu nani amuulize?

Jumamosi iliyofuata, Mama alichukua jembe. Alianza na ule mmea wa kibarazani, nami nikapumua, nikidhani ameishia hapo. Akaendelea. Aling'oa ya damu ya mzee, ya manjano, ya zambarau, akamwaga mikebe mmoja baada ya mwingine. Jirani alimsihi abakishe hata machache, akajibu kwamba ana mtoto anayechuma majani na kula, na hawezi kumlinda kila dakika. Hakulia. Ningeweza kusema neno moja na jembe lingesimama. Nilisimama mlangoni, nikatazama mpaka mwisho.

Siku hizi watoto wa Kaloleni huinamia simu, na vibanda vya mabati vimemeza karibu kila kipande cha udongo kati ya nyumba. Mimi nina maua kama yale dirishani kwangu, nami huyakwanyua maua yake vilevile. Wafula ni fundi wa umeme, mtu wa maneno mengi, na kila Krismasi Mama husimulia jinsi alivyokuwa mlafi hata akala majani ya mapambo, nasi hucheka. Mwaka jana binti wa Wafula alimwita baba yake mlafi mbele ya wageni. Nikamvuta Wafula nje, nikamweleza yote. Akasema niende nimwambie Mama mwenyewe, maana amechoka kulibeba jina lile.

Nilikwenda Jumapili. Nina mume, nina wafanyakazi chini yangu, na bado niliupita mlango wake mara mbili kabla ya kuingia. Mama alikuwa ameketi kibarazani, miguu juani, mbele yake saruji tupu tangu pale palipokuwa kitalu hadi barabarani. Nilisema bila kupumzika, kuanzia maneno ya Mwende hadi lile jembe. Nilingoja anikemee. Nilitamani anikemee. Alitazama ile saruji.

"Kumbe niliyang'oa bure," akasema.