Mama Yangu, Kati ya Boma na Pwani

Mama yangu alikitoa chungu motoni kwa mikono mitupu, akakitua chini taratibu, na hakujua kwamba ameungua mpaka nilipomwonyesha malengelenge. Hapo ndipo tulipojua kuwa ana ukoma.

Nilikuwa nimeolewa kaskazini ya Dodoma, nikinyonyesha mtoto wangu wa kwanza. Baba alikwisha kufariki, na mama alikuwa akikaa kwetu. Mume wangu hakumtazama mkwewe usoni, maana desturi yetu Wagogo haikuruhusu, lakini alimjengea kibanda nyuma ya zizi la mbuzi. Kila alipompelekea kuni alizitua mlangoni, akakohoa ili mama ajue zimefika, kisha akaondoka. Mimi nilimpelekea ugali wa uwele na mlenda, tukakaa kila mtu upande wake wa ua, tukazungumza. Alichokitamani zaidi ni kumpakata mtoto. Hakuomba hata siku moja.

Wajerumani walikuwa wanatawala, na reli ilikuwa ndiyo kwanza inafika Dodoma. Siku moja bwana mkubwa wa boma alipita kwetu na mkalimani wake, mtu wa Kondoa aliyekuwa ameoa kwa majirani zetu. Yule bwana alikitazama kibanda cha mama, akauliza kama ana chungu chake peke yake. Nikasema anacho. Mkalimani akatuambia, "Bwana anasema hivi ni vizuri. Akae hapa hapa, mmlishe wenyewe."

Tukaamini kwamba jambo limekwisha. Hatukujua kwamba serikali ina vichwa viwili.

Baada ya mavuno mkalimani alikuja peke yake, akaketi na mume wangu. Alisema wakubwa wa serikali walio pwani wametoa amri kwamba wagonjwa wote wa ukoma wakusanywe katika kijiji kimoja, karibu na korongo lililo upande wa Makutupora. Bwana wa boma alikuwa amekataa. Alisema hana askari wa kulinda kijiji wala nafaka ya kulisha watu, na kwamba pwani hawaijui nchi hii.

"Sasa nani mkubwa?" mume wangu akauliza.

"Hata mimi ninayewatafsiria sijui," mkalimani akasema.

Pwani hawakungoja bwana wa boma akubali. Walimleta daktari wao na askari wao. Walimchukua mama asubuhi, akiwa bado hajala. Nilimkimbilia na kibuyu cha uji, askari akakipokea, akampa. Angalau hilo alilifanya.

Wakubwa wakaendelea kugombana huku watu wameshafungiwa kule korongoni. Boma likasema kijiji ni cha pwani, basi pwani wakilishe. Pwani wakasema kijiji kiko katika wilaya ya boma, basi boma likilishe. Nilipokwenda na unga, mlinzi alinizuia. Nikaenda bomani, nikaambiwa sina kosa, niende tu. Nikarudi kwa mlinzi, akasema, "Mimi sikuwekwa na boma." Niliuacha unga juu ya jiwe, nikamwomba aufikishe. Mama alikuwa amesimama mbali, akinipungia kwa mkono uliofungwa kitambaa.

Kisha walinzi wakaondoka. Mkalimani alitueleza kwamba barua zilikuwa zimekuwa kali baina ya boma na pwani, na daktari ameitwa arudi. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta mama amekonda, amekaa juani. Nilitembea mbele, naye akanifuata nyuma mpaka nyumbani.

Masika yale alikuwa nasi. Mtoto alikuwa ameanza kutembea, na mama alimfundisha maneno akiwa amekaa ng'ambo ya ua. Sijapata masika mengine kama yale.

Lakini pwani wakashinda. Yule bwana wa boma alihamishwa, na aliyekuja baada yake hakubishana na mtu. Amri ikapita kwa majumbe kwamba nyumba itakayomficha mgonjwa itachomwa moto. Mume wangu alisema ana ndugu milimani, tumhamishie huko. Alilisema akiwa nje ya kibanda, uso kauelekeza zizini, lakini kwa sauti ya kutosha mkwewe asikie.

Mama akanijibu mimi, maana kwa desturi yetu hakuweza kumjibu yeye. "Mwambie mumeo nimemsikia, na nimemshukuru. Mwambie nyumba isiungue kwa ajili yangu."

"Mama, tutakwenda wote," nikasema.

"Una mtoto, mwanangu. Kaa."

Akaenda mwenyewe kule korongoni, hata kabla askari hawajafika.

Safari hii sikuruhusiwa kufika hata kwenye lile jiwe. Mvua zilizofuata hazikunyesha. Sisi wenyewe tulikula majani na mizizi, na nilijua kwamba kama kwetu ni hivyo, kule ni zaidi. Mkalimani ndiye aliyeniletea habari ya kifo. Alivua kofia, akasema mama amefariki tangu mwezi uliotangulia, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameisikia habari hiyo asubuhi ile.

Sikupata kufika mpaka vita vilipokuja na Wajerumani wakakimbia. Vibanda vingi vilikuwa vimeanguka. Wagonjwa wachache walikuwa wamebaki. Mmoja wao, mama wa makamo, alinifahamu kwa sura kabla sijajitambulisha. Alisema mama yangu aliwasagia uwele wale ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kabisa, akilibana jiwe kwa viganja. "Alikuwa akisema binti yake anafika," akaniambia. "Kila mara alisema unafika."

Nikamwomba anionyeshe kaburi. Aliniongoza hadi penye matuta ya udongo karibu na korongo, akaonyesha moja, akasita, akaonyesha jingine.

"Tulizika wengi mwaka ule," akasema. "Unisamehe."

Niliyaongezea yote mawili udongo mpya. Kisha nikamwuliza yeye kama ana watu wake wa kurudi kwao. Akasema walikuwapo zamani. Nikampa kibuyu cha maji nilichokuja nacho, tukakaa pale pamoja mpaka jua likapungua, ndipo nikashika njia ya nyumbani.