Ngamia wa Safiyo Katika Vitabu Viwili

Safiyo wa Balambala alikuwa na wimbo mmoja tu, nao ulimhusu ngamia wake jike, Gududo. Aliuimba kisimani, kumhimiza anywe. Mwaka 1965 mtu wa redio alipita na mashine ya kunasa sauti, na kufumba na kufumbua Garissa nzima ikawa inauimba, hata askari waliotumwa kutukomesha sisi Wasomali tusijitenge na Kenya.

Mwaka uliofuata vikatoka vitabu viwili juu ya maisha yake. Cha kwanza, kilichovushwa mpakani kwa siri, kilisema ngamia wa wimbo ni ardhi yetu iliyotekwa. Cha pili kiliandikwa na Bwana Kioko, afisa wa serikali kutoka bara. Mimi, Nuh, nilikuwa karani wake. Kwake ngamia alikuwa taifa changa, na maziwa maendeleo. Alimtembelea Safiyo mara moja, akanywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa ya Gududo, akaondoka bila kuuliza anaimbiwa nani. Wasomi bwana!

Punde bomu likalipuka barabarani, na mifugo yote ya Balambala ikaswagwa hadi boma la Garissa kuwa adhabu. Wajukuu wanne wa Safiyo waliishi kwa maziwa ya Gududo. Akatembea siku tatu hadi ofisini kwetu.

"Bwana, ngamia yangu wamefunga kwa boma. Wambie wafungue."

"Ngamia yupi?"

"Ile ya kitabu yako."

Kioko akacheka. "Mama, yule si ngamia. Soma ukurasa wa kumi na mbili."

"Habana! Iko na miguu nne, walahi."

Akatuburuta hadi bomani, akasimama penye ua wa miiba, akaimba. Kati ya ngamia mia mbili akainuka mmoja mwekundu, akaja moja kwa moja, akanyoosha shingo juu ya ua. Nililia, sioni haya kusema.

Kioko alikigeuzageuza kitabu chake. "Nikikiri ni ngamia," akaninong'oneza, "kitabu kitakuwa nini?" Akamwahidi Safiyo kwamba atalishughulikia.

Akalishughulikia. Ijumaa wakubwa walikuja kutoka Nairobi kukizindua kitabu, na nyama ikahitajika. Wapishi walimchukua aliyekuwa karibu zaidi, yule aliyekataa kubanduka penye ua.

Safiyo alipewa kiti cha mbele, akaombwa aimbe. Aliimba akiwa ameligeukia boma, kisha akasubiri. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa sahani.