Nyumba Iliyosafishwa Mpaka Mtoto Akapotea

Peres Oyoo alikuwa na bahati ambayo wengi hapo Mutuini hawakuwa nayo: kila mtu alimshauri, na hakuna aliyemtoza chochote. Akina mama wa kanisani walimshauri. Mwenye duka alimshauri. Hata fundi aliyekuja mara moja tu kuziba paa alishuka ngazi akiwa na la kusema. Wote walianza kwa kumsifu. "Una moyo, dada. Mungu anakuona." Kisha walishusha sauti na kuuliza kama vijiko bado viko vyote.

Vijiko vilikuwa vyote. Kilichopungua ni sukari, na katika hilo hata Peres mwenyewe hakuwa malaika.

Kazi yake ilikuwa kupika chai. Si kibandani, bali ghorofa ya tisa ya jumba la vioo huko Westlands, kwa watu arobaini na wawili. Alimjua anayekataa sukari mbele ya wenzake, kisha huja jikoni baadaye kujitilia vijiko vitatu akiangalia mlango. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto wake wawili wa kuzaa walikuwa wamekua wakaenda, mmoja Kisumu na mwingine Nakuru, nao walimpigia simu kila Jumapili kumuuliza kwa nini hapumziki. Wenyewe walikuwa wamechoka sana kuja kuona kama amepumzika.

Miaka sita iliyopita afisa wa watoto alikuja kanisani kutafuta familia za kuwapokea watoto wasio na pa kukaa. Mikono iliinuka mpaka mchungaji akapangusa macho. Kisha mtu akauliza ni watoto wa namna gani, na ikabainika kwamba mikono yote ile ilikuwa imeinukia mtoto mchanga, ikiwezekana wa kike, mnene kidogo, asiyelia. Afisa akasema alionao ni wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, kumi na sita. Mikono ikashuka taratibu. Mmoja ulipitia kichwani ukakikuna, kana kwamba hiyo ndiyo safari uliyoinukia tangu mwanzo. Peres peke yake alisahau kuushusha wake.

Wa kwanza alikuwa Sammy, ambaye kwa miezi minne alizungumza kwa mabega tu. Bega la kulia lilikuwa ndiyo, la kushoto lilikuwa sijui, na yote mawili kwa pamoja yalikuwa niache. Leo Sammy ni fundi wa mabomba huko Kinoo. Jumapili nyingi huja kutengeneza mfereji wa jikoni ambao haujaharibika. Huufungua, huutazama ndani, huufunga, hula sahani mbili, kisha huondoka akisema ataurudia wiki ijayo, maana hauamini kabisa.

Kisha akaja Stacy.

Stacy alikuwa na miaka kumi na mitano, nyumba tatu za walezi nyuma yake, na begi la buluu ambalo zipu yake ilikuwa imekufa upande mmoja. Kwa miezi minne hakulifungua ila kuchota nguo ya siku. Peres alimpa kabati. Stacy alilitazama lile kabati kama mtu anayeoneshwa chumba cha hoteli asichokusudia kulala, akashukuru kwa adabu, akalisukuma begi chini ya kitanda. Alikuwa mpole mno siku zile. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alisema shikamoo asubuhi na asante kwa kila kikombe cha maji, na Peres alikonda kwa wasiwasi.

Mwezi wa tano, bila sherehe yoyote, taulo mbichi ilipatikana kwenye kiti. Siku ya pili, soksi moja juu ya redio. Siku ya tatu Stacy alisimama mbele ya sufuria ya dagaa, akafunua, akafunika, akasema, "Mathe, omena tena? Kwani sisi ni paka?"

Peres alimgombeza nusu saa nzima, kisha akaingia chumbani, akafunga mlango na kucheka ndani ya mto. Usiku huo alilala vizuri. Kufikia mwisho wa mwezi huo begi lilikuwa tupu, limetupwa nyuma ya mlango wa jikoni, na Peres alikuwa akilitumia kubebea viazi kutoka sokoni.

Akina mama wa kanisani hawakuyaona mambo kwa jicho hilo. Mwenyekiti wao, Mama Bramwel, alikuwa mwanamke mwenye huruma kubwa na mikono isiyojua kutulia. Alisema waziwazi kwamba msichana anayemwita mlezi wake "mathe" na kuacha soksi juu ya redio amemshinda Peres. "Mtoto ni wako au wewe ndiye wake?" aliuliza. Peres alisema anaendelea kuchunguza.

Sasa ikaja barua. Muda wa kwanza wa Stacy kukaa kwa Peres ulikuwa unakwisha. Afisa angekuja Jumatano saa kumi jioni kuona nyumba na mtoto. Akiridhika, Stacy angekaa hapo mpaka afikishe miaka kumi na minane. Asiporidhika, kulikuwa na nafasi katika makao fulani ya wasichana mbali huko upande wa Machakos. Stacy alisoma barua ile akiwa amesimama, akairudisha mezani, akasema, "Ni sawa tu." Jioni ile aliosha vyombo bila kuambiwa. Peres aliposikia sahani zinaoshwa, alienda kuangalia kama begi bado liko nyuma ya mlango.

Basi akafanya kosa. Kwa kuwa Jumatano alikuwa kazini mpaka saa nane, alimwachia Mama Bramwel ufunguo na kumwomba aiangalie nyumba kidogo.

Kumwambia Mama Bramwel aangalie nyumba kidogo ni kama kumwambia moto uonje nyasi. Mgeni anakuja, tena mgeni wa serikali, mwenye faili! Tangu asubuhi akina mama watatu waliingia na ndoo, mifagio, na vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, vile vya kutandika viti siku ya wageni. Mama Bramwel alileta kutoka kwake vikombe vya kabatini, vyenye maua na ukingo wa dhahabu, ambavyo mumewe wa ndoa ya miaka ishirini na sita hajawahi kuvinywea. Walipiga deki mpaka sakafu ikawa hatari kwa maisha. Na kila kitu kilichozagaa walikiondoa, kwa sababu mgeni hapaswi kuona vitu vimezagaa. Karibu vyote vilivyozagaa vilikuwa vya Stacy. Mama Bramwel alitafuta mahali pa kuvitia, akatazama nyuma ya mlango wa jikoni, na akaliona begi.

Huko Westlands, watu wa ghorofa ya tisa waliamua siku hiyo hiyo kufanya mkutano wa dharura kuhusu kupunguza mikutano. Waliomba chai mara tatu. Peres alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwake saa kumi na dakika tano, kofia ya kazi bado kichwani, akakuta mgeni ameshaketi juu ya kitambaa cheupe, mgongo wima, akiogopa kukichafua.

"Karibu, karibu sana, nisamehe," alisema Peres.

"Usijali, mama. Mimi ni Muthama." Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye matope kwenye pindo za suruali, naye alikuja kwa boda. "Huyu mama amenipokea vizuri."

"Nimemwambia ajisikie nyumbani," alisema Mama Bramwel. Kwake au kwa nani, hakufafanua.

Peres alitazama kote na kwa dakika nzima hakujua yuko kwa nani. Redio ilikuwa imevalishwa kitambaa. Televisheni ilikuwa imevalishwa kitambaa. Yeye mwenyewe, lau angesimama pale muda mrefu, angevalishwa.

"Naomba nione chumba cha mtoto," alisema Muthama.

Mama Bramwel alitangulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa shuka nyeupe isiyo na mkunjo, na Biblia imewekwa katikati ya mto. Ukutani ilining'inia kalenda kubwa ya kanisa. Hapakuwa na kiatu, wala kitana, wala unywele.

Muthama aliingia. Alifungua kabati. Vining'inizo vitatu vya nguo viligongana.

"Nguo zake ziko wapi?"

"Tumepanga zote!" Mama Bramwel alisema kwa fahari, akaonesha begi la buluu kando ya mlango wa mbele, limejaa, zipu imefungwa kwa pini. "Hata uzi haujabaki nje, Bwana Afisa."

Muthama aliandika mstari mmoja. Ulikuwa mstari mfupi, na Peres aliuona ukiandikwa.

"Mama," alisema yule afisa polepole, "mtoto anaishi hapa kweli? Maana nyumba hii haina mtoto. Na begi limefungwa. Kuna mpango wa kumhamisha ambao ofisi haijaambiwa?"

"La, hapana, hawa walikuwa wananisaidia tu..."

Geti lilipigwa teke. "Mathe! Kuna nini ya kukula? Nimekufa mimi!"

Stacy alitokea mlangoni, tai ya shule imelegea, kiatu kimoja tayari mkononi. Akamwona mgeni. Akaona faili. Kisha akaliona begi, na pini yake.

Stacy alivaa kiatu. Akakaza tai. Akaenda mbele ya Muthama, akatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo, Mama Bramwel."

"Marahaba, mwanangu! Umeona adabu, Bwana Afisa? Umeona?"

Stacy akamgeukia Peres. "Asante kwa kila kitu, Auntie." Akaliinua begi. "Niko tayari. Nikungoje kwa gari?"

"Sikuja na gari," alisema Muthama, akatazama pindo za suruali yake.

Peres alikuwa mwanamke wa maneno. Aliweza kumjibu meneja wa Westlands hata kabla hajamaliza kuuliza. Safari hii alimnyang'anya Stacy begi, akang'oa pini, akalipindua juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, katikati ya vikombe vya dhahabu.

Vilimwagika: sketi, soksi sita zisizofanana, nywele za bandia, vitana, chaja iliyojisokota, nusu pakiti ya biskuti, kiatu chenye matope ya juzi. Mwisho kikatoka kikombe cha plastiki ngumu kisicho na mkono, kikabingirika kuelekea ukingo wa meza. Stacy aliruka, akakidaka karibu na sakafu.

"Mathe! Aki wewe! Hii ingevunjika!"

"Imeshavunjika mkono."

"Ndio nasema ingevunjika tena! Na nani ameguza vitu zangu? Chaja nani ameikunja hivi? Hii waya itakatika!" Alikuwa ameshaingia chumbani. Sauti yake ilirudi imepanda. "Na nani ameweka kalenda kwa ukuta yangu?"

Mama Bramwel aligundua ghafla kwamba kuna vumbi kwenye kona ya dirisha.

"Mimi nilikuwa nimefikiria..." Stacy alianza, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba na kalenda mkononi. Macho yake yalikuwa yamejaa, na alionekana kumkasirikia kila mtu kwa hilo.

"Ulifikiria ujinga," alisema Peres. "Kila siku unafikiria ujinga. Keti ule biskuti."

Muthama aliingia chumbani kutazama ukuta. Pale kalenda ilipokuwa, palikuwa na maandishi ya kalamu nyeusi, makubwa, yaliyoongezwa wiki baada ya wiki. Aliyasoma kwa sauti ya ofisini, bila kutabasamu. "Jumatatu: isiwe omena. Jumanne: tafadhali isiwe omena. Jumatano: mathe, tuliongea." Akamgeukia Stacy. "Na hupikwa lini?"

"Kila Jumatano," alisema Stacy kwa uchungu wa mtu aliyejipanga kulalamika kwa miaka mitatu ijayo.

Afisa alirudi kwenye kiti. Alihamisha soksi moja kutoka juu ya faili lake, akaufuta ule mstari mfupi kwa kuupitishia kalamu mara mbili, akaandika mwingine mrefu zaidi. Alimuuliza Stacy maswali akijibiwa huku biskuti zinatafunwa. Peke yao wawili walizungumza uani kwa muda. Aliporudi alimwambia Peres, "Naandika akae. Karatasi itafuata." Kisha, akitafuta mlango kati ya viatu: "Siku nyingine mnaponitarajia, mama, msifagie."

Mama Bramwel alikusanya vikombe vyake kimoja kimoja, na vitambaa, kimoja kikiwa na muhuri wa kiatu cha shule katikati. Vilikuwa vingi kuliko mikono. Alisimama navyo sebuleni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na ushauri.

Stacy alimtazama. Akainama, akaliokota begi la buluu sakafuni, akalikung'uta.

"Beba na hii. Ushikilie chini, zipu imekufa huku."

"Nitakurudishia Jumapili, mwanangu."

"Zii," alisema Stacy. "Baki nayo."

Alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akaitupa tai juu ya redio. Jikoni maji yalisikika yakimwagika. Ilikuwa Jumatano, na Peres alikuwa ameshaanza kuosha omena.