Jina Langu Katika Daftari la Waliopotea

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu wa mto ulikuwa haujainuka juu ya Kisangani, nami nilikuwa nimeketi barazani na daftari magotini, nisimsikie mtoto wangu akilia. Si kwamba alikuwa mbali. Alikuwa mgongoni mwangu.

Ilikuwa baada ya uasi uliotutoa mjini. Sisi tuliokimbilia msituni, upande wa Bafwasende, tulikuwa tunarudi mjini mmoja mmoja, tumekonda, kimya. Mimi nilijifungulia huko huko msituni. Kwa kuwa nilijua kuandika, watu walianza kunijia: andika jina la kaka yangu, nguo aliyovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Niliwanakilia majina hayo wenye mitumbwi waendao Basoko, wakaulize huko. Mtu akirudi, nilipiga mstari mwekundu juu ya jina lake. Jina la kwanza kabisa kuandikwa daftarini lilikuwa la mume wangu.

Kwetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Wanawake wa ukoo humkanda kwa maji ya moto kila asubuhi, humlisha, na humwepusha na habari mbaya. Shangazi wa mume wangu, Tantine Zaina, alikuja na chungu chake siku ya kwanza tu tuliporudi. Nikamrudisha. Akaja tena, nikamrudisha. Watu wanatafuta ndugu zao, mimi nilale nikandwe? Niliona ni uchoyo.

Wiki zikapita. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Sauti za watu zilinifikia kama zinatoka ng'ambo ya mto. Kisha maziwa yakakauka, na mtoto akaanza kuwa mwepesi mikononi.

Asubuhi hiyo ya ukungu Tantine alipanda barazani bila hodi, akamfungua mtoto mgongoni mwangu.

"Mutoto iko analia, namusikia tangu kule njiani. Weye hausikie?"

"Tantine, yamebaki majina mawili tu."

"Majina, majina! Bon, sawa. Andika moja ingine." Akangoja hadi nilipoinua kalamu. "Andika ya kwako."

Nikacheka. "Mimi niko hapa."

"Wapi? Nakutafuta tangu mulitoka mu pori. Sikuone."

Nikaandika, ili aniache. Jina. Kitenge cha buluu. Nilipofika pa kueleza nilionekana wapi mara ya mwisho, mkono ulikataa. Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu msituni.

Tantine alinifungia ndani, akaanza kuhesabu siku kutoka moja. Daftari akampa jirani yetu mwalimu. Waliokuja kunitafuta nilimsikia akiwajibu mlangoni: "Mwandishi iko mu chungu. Hajaiva bado, muende kwa mwalimu!" Nao wakacheka, watu wale waliokuwa na msiba.

Siku hizo nazikumbuka kama ndoto. Mvuke, kitambaa cha moto mgongoni, ngurumo ya maporomoko ya Tshopo ikija kwa mbali na kupotea. Nililala mchana. Nilimlilia mume wangu hadi nikachoka, nikala, nikalala tena. Siku moja nguo yangu ikalowa kifuani. Nilidhani ni maji ya Tantine. Yalikuwa maziwa.

Siku ya arobaini niliomba kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina langu. La mume wangu limebaki bila mstari hadi leo. Niliendelea kuandika miaka miwili, lakini adhuhuri ikifika nilifunga daftari, hata kama kuna mtu anangoja. Mtu huyo alirudi kesho yake, na alinikuta mzima.

Basi, mwanangu unayewabebea wengine huzuni zao, kula kabla hujasikiliza msiba wa mtu. Lala. Kilio chako kilie mwenyewe, usikifiche ndani ya vilio vya watu. Ukiacha kumsikia aliye mgongoni mwako, weka kalamu chini. Na akija mtu na chungu cha maji ya moto, usimrudishe mlangoni kama nilivyofanya mimi.

Mungu akupe usingizi mtamu, na akupe mtu wa kukutafuta hata siku utakayodhani hujapotea.