Zakaria na Risasi Nyembamba

Bado kichwa kinakataa. Juzi tu Zakaria alinipigia simu kunicheka kwamba viazi vyangu vya Malindi, hii ya kwetu Lushoto, ni vidogo kama gololi. Leo asubuhi binti yake ananiambia, mjomba, baba hatunaye.

Wapwa zangu, na wote mnaonifuata humu, kaeni niwaambie kitu. Ile hadithi ya risasi niliyowasimulia kwenye kila harusi, kwamba mjomba wenu alimshinda sajenti, si yangu. Ni ya Zakaria. Mimi nilikuwepo, tena mstari wa mbele, ila nilichagua vibaya.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, training ya mgambo, Lushoto. Kwa kwata hakuna aliyenifikia, hilo silifuti.

Zakaria alikuwa mfupi mno. Sajenti alishamwambia amalize wiki arudi akalime. Na siku hizo ukirudi bila kumaliza mgambo, kijiji kizima kinajua. Hata kulinda ghala hupewi.

Asubuhi moja sajenti akapanga mezani risasi tatu za bastola. Ya kwanza inaitwa arobaini na tano, fupi, nene kama kidole gumba. Milimita tisa, ya wastani. Na ya tatu, inayoitwa saba sitini na mbili, nyembamba, ganda lake limebanwa shingo kama chupa. Akauliza ipi inapenya kuliko zote.

Nikarukia ile nene. Kikosi kizima kikanifuata, maana nikisema mimi watu husikiliza.

Zakaria peke yake akaonyesha nyembamba. Sajenti akamuuliza mambo ya silaha kajifunzia wapi.

"Kwenye mfereji wetu wa Rangwi, afande. Maji mengi ukiyabana mdomo yanaruka mbali. Hii ina tumbo kubwa, mdomo mdogo."

Tukacheka. Sajenti hakucheka. Akasema mbao ndizo zitaamua, na Zakaria akikosea anashuka mlima siku hiyohiyo na begi lake.

"Sawa, afande. Ila nikipatia, usinipime tena urefu."

Nilimvuta shati anyamaze. Hakunyamaza.

Zikapangwa mbao saba za mkulo, mti wa milimani kwetu, nene, nyuma yake ukingo wa udongo. Sajenti akafyatua mwenyewe. Arobaini na tano ikaacha tundu la kuingiza kidole, ikafia ubao wa tatu. Tisa ikafika wa tano. Ile nyembamba ikapita zote ikazama kwenye udongo.

Kwamba ilishuka mpaka Mombo, chini ya mlima, ikatoboa tairi la basi, hapo niliongeza mimi.

Sajenti akatufundisha taratibu. Ile nene risasi yake ni nzito na mwendo wake wa pole, kazi yake ni kupiga kishindo. Nyembamba ina baruti nyingi inayosukuma risasi nyepesi, kwa hiyo mwendo wake ni mkali. Ukubwa ni kitu kimoja, nguvu ni kitu kingine.

Halafu akamtoa Zakaria nyuma akamsimamisha wa kwanza mstarini. Mbele yangu!

Alimaliza mafunzo. Kijiji kikampa funguo za ghala, zikakaa kiunoni kwake miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuziulizia.

Mimi nikaichukua hadithi yake. Naisimulia, watu wanapiga makofi, na yeye amekaa palepale na sahani yake ya pilau, anatabasamu. Siku moja nikamfuata nje kumwomba radhi.

"Wewe isimulie tu, mgoshi," akaniambia, yaani bwana kwa Kisambaa chetu. "Mimi nikiisimulia watu wanasinzia."

Hakuwahi kuidai. Mimi ningeidai mpaka kwa mkuu wa wilaya.

Kesho Rangwi, kwenye mazishi yako, nitasimama mbele ya wanao na wajukuu zako, niisimulie yote, ubao kwa ubao, na jina litakuwa lako. Najua kujisifu, Zakaria, kila mtu anajua. Kesho nakusifu wewe, na sitaongeza hata ubao mmoja.

Pumzika mgoshi wangu, ulale usingizi mwema.