Yaya njo aliitia polisi siku ya dot yangu

Bonjour admin, nakuomba ufiche jina yangu, hata ya kartie, mutaa yetu, usiandike. Niko binti wa myaka 26, naishi hapa Bunia kwa wazazi. Batu banitukane kama banataka, lakini banisome kwanza mpaka mwisho, juu hii kitu inanikula roho.

Mwezi uliopita ilikuwa dot yangu, siku ya kuletewa mahari. Muchumba wangu ni motard, anabeba batu na pikipiki; familia yake ni ya upande wa Djugu, kule ba milicien, bale baasi, banapigana. Baba yake na bazee ba kwao bakafika asubuhi na mbuzi, bitenge, na gunia ya majembe na mapanga mapya ya kumupa papa, vile desturi inaomba. Dada yangu mukubwa, siye tunamuita Yaya, njo aliipokea ile gunia na kuiingiza salon kwa mikono yake. Yaya hajaolewa. Kwetu, mudogo akitangulia, bakwe banapaswa kuletea mukubwa mbuzi yake ya kumutuliza roho. Papa alikataa kuiomba, eti hiyo ni mambo ya zamani. Yaya akaendelea kupika. Tukafikiri imeisha.

Bazee bakafunga mulango juu ya mazungumuzo. Tukasikia jeep. Polisi bakavunja mulango, bakakuta banaume ya Djugu na mapanga chini. Mama akalia, "Ni ya dot! Ni ya dot, baba!" Nani alimusikia? Bazee bakapigwa na kitako ya bunduki mugongoni. Muchumba wangu akasimama mbele ya baba yake, bakamupiga risasi kwa goti. Hopitali ikakata mguu. Motard bila mguu, ndugu zangu, ataendesha nini?

Polisi banasema, "Siye tulipigiwa simu kwa namba ya alerte, ile ya kuonya hatari, kwamba ba milicien banagawa silaha. Kosa ni ya mwenye aliita." Avoka wetu, mwenye anatutetea, anasema apana: askari atajibu risasi yake, na mwenye alidanganya atajibu uongo wake. Lakini jina ya mwenye alipiga simu ikikosekana, polisi batajificha nyuma ya ile simu.

Jina ninayo. Yaya mwenyewe aliniambia jikoni: "Nilitaka tu babebwe kwa polisi, fête iharibike. Mi sikushika bunduki! Ningejua je batapiga risasi?"

Nikamujibu, "Yaya, si weye ulibeba ile gunia? Na hii Ituri yetu, kweli hukujua?" Mama alikuwa mulangoni, akasikia yote. Akanipigia magoti, "Usinitupie mutoto gerezani." Papa akisikia neno mbuzi, anatoka inje.

Na yenye inaniua kabisa: tangu ile siku, Yaya njo anapeleka chakula hopitali, njo anafua mashuka. Muchumba wangu aliniuliza, "Unamujua mwenye alituitia polisi?" Nikasema apana. Mungu anisamehe. Jana akanishika mukono: "Tukizaa binti, tumupe jina ya Yaya. Batu bazuri bangaliko." Nikachukua sahani za Yaya, nikaenda kuziosha.

Lundi, siku ya jumatatu, naitwa kutoa ushahidi. Nikisema, nimemuzika mama yangu angali muzima. Nikinyamaza, ule mguu ulikatwa bure, na kesho mwingine atachukua simu aue batu na mudomo. Musiniambie "omba tu", nimeomba mpaka sauti imekauka. Ndugu zangu, nishaurini: Lundi bakiniuliza jina, nijibu nini?