Masikio ya Mpasua Mbao

Kwa miaka ishirini na sita alipasua mbao kwa msumeno wa mashine, hadi wenzake wakambandika jina la Msumeno. Mashine ile ilimlisha yeye na watoto wake wanne, lakini ilimla masikio.

Alikuwa ameshastaafu alipokuja mtafiti wa ndege, binti wa rika la kitindamimba wake, akitafuta mtu anayeujua vizuri msitu wa mlimani. Msumeno akajitokeza. La masikio hakulitaja.

Asubuhi ya kwanza waliketi juu ya gogo, giza likianza kupauka.

"Mzee, huyo anayeimba yuko upande gani?"

Msumeno akaonyesha kulia. Binti akageukia kushoto, sauti ilikotoka. Mara ya pili ikawa vilevile.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Wewe nakusoma midomo tu, ndege siwasikii."

Alirudi nyumbani kichwa chini, akamweleza mkewe, fundi cherehani. Mkewe alimaliza kwanza pindo alilokuwa akilishona, kisha akamgeukia ili auone mdomo wake.

"Kesho tunakwenda wote. Wewe una macho, mimi nina masikio. Sasa hapo unanuna nini?"

Kesho yake wakawa watatu kwenye gogo. Ndege akilia kulia, mkewe alimgusa bega la kulia. Akilia kushoto, la kushoto. Msumeno akatazama kwa utulivu, kisha akanong'ona kwa sauti ya kiziwi, yaani karibu apige kelele: "Pale chini, penye siafu!"

"Mnong'ono huo wameusikia mpaka bondeni," mkewe akasema.

Lakini ndege hawakuondoka. Siafu walikuwa wakipita, na wadudu wakiwakimbia. Ndege wadogo walishuka kuwadaka wadudu hao, ndege wakubwa wakawafukuza wadogo na kushika nafasi za mbele. Binti aliandika mpaka jua likatoka. Walipoinuka akawaambia, "Baba, mama, nawataka wote wawili."

Huu ni mwaka wa nne wanapanda mlimani pamoja. Juzi Msumeno alimuuliza mkewe yule ndege kurumbiza analiaje hasa. Mkewe akaweka midomo sikioni pake, akaupiga wimbo wa ndege huyo kwa mluzi, taratibu mpaka mwisho. Msumeno alipata joto la pumzi, na ndani yake kitu chembamba kikipanda na kushuka.

"Asante, mama watoto," akasema, na safari hii alinong'ona kweli.